Moyo Uliofurika

"Mjomba, mbona mtu huyu moyo wake uko nje?"

Mpwa wangu kashika kitabu cha picha. Swali zuri hilo! Haya, kaa hapa uani nikuhadithie.

Huyo ni Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Mwaka 1542, akitoka Ulaya kwenda India, merikebu yake ilitia nanga Malindi. Malindi hii yetu! Pale pana kanisa dogo la Wareno, limeezekwa makuti. Lingekuwa na mdomo lingesema: "Mimi ni mdogo kama jiko la bibi. Makaburi yamenizunguka. Fransisko alipopita Malindi, alimzika msafiri mwenzake aliyefia safarini. Kisha akaenda zake."

"Akaenda wapi?"

Mbali. Mwaka 1549 akafika Japani. Leo Wakatoliki humwita msimamizi wa misheni. Msimamizi ni nani? Ni yule aliyetangulia njiani, nawe ukishika njia hiyo unamwomba akuangalie.

Picha hii ilichorwa huko Japani, karne ya 17, Fransisko akiwa amekwisha kufa.

"Sasa mchoraji alimjuaje?"

Ewe, una akili! Je, kigango cha kumkumbuka mzee aliyekufa huchongwa kwa kumtazama usoni? La. Mchongaji huweka alama zake, na ukoo mzima unajua: huyu ni babu. Basi alama ya Fransisko ni moyo unaowaka.

Lakini Ukristo ulipigwa marufuku kule. Picha ikafichwa sandukuni. Baba akafa, sanduku likabaki. Mtoto akafa, sanduku likabaki. Ikaja kuonekana mwaka 1920! Leo imo katika makumbusho ya mji wa Kobe.

"Na moyo, Mjomba?"

Tazama. Mikono ameipishanisha kifuani. Macho yako juu. Moyo mwekundu unawaka, na msalaba umechomoza humo. Na haya maandishi mdomoni ni Kilatini. Anamwambia Mungu: inatosha, Bwana, inatosha.

"Nini kinatosha?"

Upendo. Sasa upendo utauchoraje, nao hauonekani? Mchoraji akachora moto, kwa kuwa moto tunaujua. Wewe bibi akikupakulia sima, akaongeza, akaongeza tena, husemaje?

"Inatosha, bibi, inatosha!"

Umeona?

Akafikiri kidogo. "Lakini Mjomba, bibi huwa hasikii. Anaongeza tu."

Ehee! Ndiyo maana moyo ukatoka nje.