Kati ya Fahari na Kadogo: Nyumba Zetu Zinavutwa Pande Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wiki hii tumependa kuzungumza na wasomaji wetu, hasa kina mama walio washika funguo za nyumba, juu ya jambo linaloingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Zama hizi zina tabia ya kuvuta kila kitu kwenye ncha mbili. Bidhaa ama ni ya fahari kubwa ama ni rahisi isiyodumu. Harusi ama ni ya kutikisa mji ama haina hata walima. Kijana ama amezama katika anasa ama amekuwa mkali hata kwa wazazi wake. Pale katikati, walipokuwa wazee wetu wakiishi kwa utulivu, pamekuwa kama uwanja uliohamwa.

Tuanzie sokoni. Katika nchi za Magharibi jambo hili limeonekana wazi. Nchini Uingereza, maduka ya BHS, yaliyoanzishwa mwaka 1928 na kuhudumia familia za kawaida kwa miaka 88, yalifungwa mwaka 2016. Debenhams nayo ilifunga maduka yake ya mwisho mwaka 2021. Marekani, kampuni ya Sears, iliyowahi kuuza takriban kila kitu cha nyumbani, ilikimbilia mahakamani mwaka 2018 kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Sababu zao ni nyingi, yakiwemo madeni na ushindani wa biashara za mitandaoni. Hata hivyo, katika miaka hiyo hiyo maduka ya bei ya chini kama Aldi na Lidl yalizidi kuenea, na kampuni ya Kifaransa ya LVMH, muuzaji wa mikoba na manukato ya wenye nacho, ikanawiri mpaka mkuu wake, Bernard Arnault, akaongoza orodha ya matajiri wa dunia ya jarida la Forbes mwaka 2023. Wa juu alistawi, wa chini alistawi, wa kati akabanwa.

Kwetu Pwani sura ya jambo hili ni nyingine, lakini mzizi ni mmoja. Mtazameni fundi cherehani wa mtaani, aliyekuwa akishona buibui kwa bei ya wastani, akaliongeza upindo msichana akirefuka, na kulitia kiraka likichanika. Leo upande mmoja amebanwa na abaya za Dubai zilizojaa vito, na upande wa pili na nguo za bei ya kutupa zinazochujuka kwa mfuo wa tatu. Leso peke yake ndiyo iliyobaki imesimama katikati. Doti ile ile inayouzwa Biashara Street, Mombasa, huvaliwa na mke wa tajiri na mke wa mvuvi, hubebewa mtoto, hutandikwa, na hupelekwa zawadi kwa mzazi, wala hakuna anayeionea haya. Hicho ndicho kitu cha wastani: kina heshima yake na hakimfilisi mtu.

Ncha ya chini ya soko letu tunaiita kadogo. Mafuta ya kupimiwa, sabuni ya pakiti, majani ya chai ya mara moja. Hatuwalaumu wanaonunua hivyo, kwani mwenye kipato cha siku hununua cha siku. Lakini tuifahamu hesabu yake. Tuchukulie kwa mfano kuwa kilo moja ya sabuni ya unga ni shilingi 300, na pakiti ya gramu 20 ni shilingi 10. Pakiti 50 ndizo zitimizazo kilo, na bei yake ni shilingi 500. Mama huyu amelipa shilingi 200 zaidi kwa sabuni ile ile, tena bila kuhisi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika kadogo, haba na haba hukimwaga kibaba.

Ncha ya juu twaiona katika harusi zetu. Kuna posa, mahari na nikahi, mambo ambayo sheria imeyafanya mepesi. Kisha sisi tukaongeza ukumbi, siku ya kupamba, sare za kila kundi la jamaa, mapambo, wapiga picha na vyakula vya kumwagwa. Hakuna ubaya katika furaha, na bi harusi kupambwa ni ada njema yetu. Ubaya unaingia pale baba anapokopa ili asisemwe, na mama anapouza dhahabu yake ya akiba ili harusi ya binti yake isipungue ile ya jirani.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila msomaji alizingatie. Mara nyingi watu wa ncha hizi mbili si watu mbalimbali, bali ni nyumba moja. Familia iliyokodi ukumbi mwezi wa Mfunguo Mosi ndiyo inayonunua mafuta kwa kikombe hadi Mfunguo Sita, ikilipa deni la ukumbi ule. Simu, ambayo tangu kuanza kwa M-Pesa mwaka 2007 imekuwa mfuko wetu wa pesa, sasa imekuwa pia dirisha la mikopo. Akopaye kwa ajili ya fahari hukopa tena kwa ajili ya unga, na juu ya mikopo mingi kati ya hiyo pana nyongeza ambayo Muislamu hana budi kuiuliza hukumu yake kabla ya kubonyeza. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ncha mbili zile zimefungwa kwa kamba moja, na jina la kamba hiyo ni deni.

Yaliyo sokoni yamo pia katika simu za watoto wetu. Mitandao ya video hupata pesa kwa kumfanya mtazamaji asiondoke, na kinachomshika mtu ni kile kinachomshangaza au kumkasirisha. Kwa hivyo kijana mmoja, kwa usiku mmoja, huonyeshwa ngoma za utupu, kisha mzungumzaji mkali anayewatoa watu katika Uislamu kwa maneno mawili. Mwalimu anayefundisha udhu kwa upole hapati watazamaji kama hao. Pwani yetu inaijua gharama ya pande zote mbili. Wako kina mama ambao vijana wao walivushwa mpaka kwenda vitani Somalia, wakabaki kungojea habari. Na wako wengine ambao vijana wao wamo mitaani humu humu, wamemezwa na heroini. Mama wa kwanza na mama wa pili wanalia kilio kimoja.

Dini yetu imetufundisha nini? Katika Suratul Baqara, aya ya 143, Mwenyezi Mungu ameuita umma huu kuwa ni umma wa wastani. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kuwa watoapo hawafanyi israfu wala ubahili, bali husimama baina ya hayo. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameeleza kuwa ukarimu ni tabia njema iliyokaa kati ya maovu mawili, ubahirifu na uchoyo.

Imepokewa pia katika Sahih Bukhari kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.). Salman alimzuru nduguye akamkuta Ummu Dardaa amejiacha bila kujipamba. Alipomuuliza, akajibu kuwa mumewe hana haja na dunia, kwani alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku. Salman akamfanya nduguye ale, akamtaka alale kwanza, kisha wakasali pamoja mwisho wa usiku. Akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli. Zingatieni kuwa aliyeanza kuumia kwa ncha ile, hata ikiwa ni ya ibada, alikuwa mwanamke wa nyumbani.

Wala wastani si kuishi kwa dhiki. Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Zainab binti Jahsh alilisha watu mkate na nyama. Alipomuoa Bibi Safiyya akiwa safarini, walima ulikuwa tende, jibini kavu na samli. Walima haukuachwa, wala hakuna aliyekopa ili ufanane na ule wa kwanza. Kila mmoja ulikuwa kwa kadiri ya hali yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, kina mama wenye vyama vyao wasiishie kupeana zamu za pesa tu. Majirani watano wakichanga wanaweza kununua gunia la mchele na dumu la lita 20 la mafuta, wakagawana kwa pishi na kibaba kwa bei ya jumla. Mwenye kipato kidogo atabaki na kipato kile kile, lakini atatoka katika mtego wa kadogo.

Pili, kabla ya posa kukamilika, pande mbili zikae ziandike matumizi yote, na kila kitakachohitaji mkopo kifutwe. Wenye uwezo ndio wapaswao kuanza. Tajiri akifanya harusi ya kiasi, amewafungulia mlango maskini kumi ambao mabinti wao wanangoja ukumbi usiopatikana.

Tatu, mzazi akae na mwanawe aone anachokitazama, bila ya kumnyang'anya wala kumtukana. Kijana aliyezoea kuuliza nyumbani hatamwendea mgeni wa kwenye simu kuuliza dini yake. Na nguo ya Idi ijayo, mpelekeeni fundi wa mtaa wenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aziepushe nyumba zetu na madeni, awape watoto wetu uongofu usio na ukali na furaha isiyo na maasi, na atujaalie tuwe katika umma wa wastani kwa vitendo vyetu. Amin.