Ua la Kichaka cha Itigi

Asafiriye kwa Reli ya Kati, afikapo Itigi katika Singida, hukiona kichaka kizito ajabu, kimo chake mita 3 hadi 5. Humo humea mti mdogo, ndugu ya kunde na mbaazi, wenye maua meupe. Wataalamu huuita Baphia burttii. Jina ni la Bwana B. D. Burtt, ambaye kazi yake ilikuwa kuitambua miti ya mapori wakaamo mbung'o. Alikufa Singida mwaka 1938 kwa ajali ya ndege, pamoja na mkuu wake, Bwana Swynnerton.

Kichaka cha namna hii chapatikana hapo na kaskazini ya Zambia tu, nasi twakifyeka kwa mashamba na makaa. Mwenye shamba huko twamwomba abakize kipande.