Laini yako hujuaje kwamba inashambuliwa?

Kile kibati cha rangi ya dhahabu kwenye laini yako ni mlango tu. Chini yake kuna chipu, yaani kompyuta ndogo kamili, na ndani ya chipu kuna ufunguo wa siri ambao mtandao huutumia kujua kwamba hiyo laini ni yako kweli. Ufunguo huo haupaswi kutoka nje. Mtu akiunakili anaweza kutengeneza laini pacha, na zile meseji za kuthibitisha malipo zikaanza kumfikia yeye.

Chipu nzuri hata ukiiuliza ufunguo wake haikupi. Kwa hivyo wajanja hujaribu kuichanganya. Huchukua koili, waya mwembamba uliozungushwa mara chache, wakaisogeza karibu kabisa na chipu, kisha wakapitisha umeme mwingi kwa nanosekunde chache (sekunde moja ina nanosekunde bilioni 1). Umeme huo huzaa usumaku, nao usumaku huzaa umeme mwingine ndani ya chipu yenyewe, bila mtu kuigusa. Ni kama mtu akugonge kiwiko ukihesabu noti: unaruka moja na hujui umeruka. Chipu nayo inaweza kuruka hatua ya ukaguzi, au ikatoa jibu lenye makosa.

Jibu moja lenye makosa si mchezo. Mwaka 1997, Dan Boneh, Richard DeMillo na Richard Lipton walichapisha utafiti kuhusu mfumo wa RSA, unaotumika sana kutia sahihi za kidijitali. Walionyesha kuwa chipu inayotumia njia fulani ya mkato ya kuhesabu, ikikosea mara moja tu, hilo kosa linaweza kutosha kuufichua ufunguo wote.

Basi chipu hugunduaje? Njia ya kwanza ni ya keshia yeyote: hesabu mara mbili. Majibu yakitofautiana, usitoe kitu. Lakini hilo hula muda, na mshambulizi mwenye subira anaweza kupiga mara mbili pia.

Njia ya pili ni sensa. Ndani ya chipu ishara hukimbizwa kwenye njia ambayo muda wake unajulikana, mdundo baada ya mdundo. Pigo la usumaku likiyumbisha umeme, ishara hiyo haifiki kwa wakati wake. Sensa hupiga kengele, na chipu hujiwasha upya, hujifunga, au hufuta siri zake kabisa.

Ugumu uko hapa: koili hupiga kona moja tu ya chipu, na sensa iliyo kona nyingine huenda isihisi kitu. Kwa hivyo sensa hutawanywa. Zikiwa kali mno, chipu itajifunga ovyo, maana simu yenyewe ni redio na imejaa mawimbi. Zikiwa pole mno, mwizi anapita. Mwaka 2024, kampuni ya Raspberry Pi ya Uingereza ilitoa chipu ya RP2350 yenye sensa za aina hii, ikaahidi zawadi kwa atakayeivunja. Januari 2025 ilitangaza washindi, waliopita kwa njia mbalimbali, mmoja akitumia leza. Sisi tunaipongeza kwa kujianika hivyo.

Je, uwe na wasiwasi? Shambulizi hili linahitaji laini yako iwe mkononi mwa mtu mwenye vifaa, ujuzi na muda wa kujaribu tena na tena. Tapeli wa kawaida hana haja na hayo yote. Yeye atakupigia simu akijifanya wa huduma kwa wateja, akuombe PIN. Usimpe.

Laini ikipotea, ifunge siku hiyo hiyo, usingoje wikendi iishe. Ukipewa nyingine, namba ni ile ile lakini chipu ina ufunguo mpya. Ule wa zamani mtandao haiutambui tena, hata kama kuna mtu ameshaufukua.