Kasa wa Ungwana na Kitabu cha Nahodha

Ami yangu, mzee wa Kipini, hapendi kuzungumza habari za meli. Muulize juu ya jarife, madema, au kusi na kaskazi, atakuzungumzia mpaka magharibi iadhiniwe. Lakini miaka yake ya ubaharia katika meli ya kuvua kamba, kabla ya mwaka 2006, huiruka kama mtu arukaye dimbwi. Juzi, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta barazani akishona wavu, nikajitia ushujaa.

“Ami, kasa walionaswa melini mlikuwa mkiwafanya nini?”

Alinitazama kitambo. “Tukiwatupa, mwanangu. Wangefanywa nini?”

Ndugu msomaji, Ghuba ya Ungwana yasifika kwa kamba. Mito miwili, Sabaki na Tana, huteremsha tope kutoka bara, nao kamba hupenda tope. Ndiyo sababu meli zikaja hapo, zikiburura wavu mkubwa mfano wa mfuko chini ya bahari, saa mbili, saa tatu, ndipo uinuliwe. Humo huingia kila kitu: samaki wachanga, taa, kaa, na kasa. Naye kasa si samaki. Huvuta pumzi kwa mapafu kama mimi na wewe. Akizuiliwa chini muda huo wote, hufa maji.

Wazee wetu walimjua kasa kwa njia nyingine. Wabajuni walimvua kwa chazo, yule samaki wa kunata. Walimfunga ugwe mkiani, wakamwachia, naye akaenda kujigandisha juu ya gamba la kasa; kisha wakavuta taratibu. Magamba ya ng'amba nayo ni biashara ya kale mno katika pwani hii, hata baharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza aliyataja katika kitabu chake cha safari. Ama kuhusu kumla kasa, masheikh wana maneno yao, nami sitajitia humo. Ninalosema ni kwamba mwenye chazo alimtaka kasa, akamhesabu. Mwenye meli hamtaki. Kwake ni uchafu wa kutupwa.

“Na kitabu cha nahodha, Ami? Hawakuandikwa?”

“Kamba waliandikwa kilo kwa kilo. Pa kasa palikuwa peupe kama kanzu ya Idi.” Akaendelea kushona. “Hakuna aliyetuambia tufiche. Tulijua wenyewe. Meli ikifungiwa, mshahara utautafuta wapi?”

Hapo ndipo penye shida yenyewe, kwa maana dawa ya wavu ilikwisha kupatikana zamani. Katika miaka ya 1960 mvuvi wa kamba wa jimbo la Georgia, Marekani, aitwaye Sinkey Boone, alichoshwa na konyeza waliokuwa wakimjazia wavu, akatia ndani yake fremu ya nondo mfano wa dirisha. Kamba hupenya katikati ya nondo. Kikubwa hugonga, kikateleza hadi kwenye tundu na kutoka. Baadaye ikaonekana kuwa kasa naye hutokea papo hapo. Mwaka 1989 Marekani ilitunga sheria ya kukataa kamba kutoka nchi zisizotumia kinga ya namna hiyo.

Kwetu, magomvi ya meli na wavuvi wadogo yalizidi mpaka uvuvi huo ukapigwa marufuku mwaka 2006. Uliporejea mwaka 2011, ulirejea chini ya mpango mpya ulioagiza fremu hiyo, na waangalizi wakawa wanapanda melini kuandika kinachotoka wavuni.

Mwangalizi huyo kazi yake si nyepesi. Hula chakula cha meli, hulala kitanda cha meli, na kalamu yake yaweza kuisimamisha meli hiyo hiyo. Tena hayuko kila mahali. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli na ambayo Kenya ni mwanachama, huzitaka meli za mita 24 na zaidi ziwe na mwangalizi katika asilimia 5 tu ya kazi zao. Hizo 95 zilizobaki ni neno la nahodha.

Wala tusizisingizie meli peke yao. Jarife zetu nazo huua kasa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamhifadhi yeye pamoja na ng'uva. Watamu wamepata njia: mvuvi aliyenasa kasa hupigia simu shirika la Local Ocean Conservation, wanakuja, wanampima, wanamtia alama na kumrudisha baharini, na mvuvi hulipwa kidogo kwa usumbufu wake. Kila kasa huyo huandikwa, kwa kuwa mvuvi haogopi kumtaja. Mimi naona hiyo fedha kidogo imefanya kazi ambayo faini isingeifanya.

Nilimsomea Ami haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sindano ya wavu chini.

“Safari moja walikuwa kenda,” akasema. “Mmoja alikuwa hai bado tulipomwinua, akafa juu ya sitaha kabla hatujamaliza kuchagua kamba. Kama waandika, waandike hao.”

Nikamwuliza mwaka. Alifikiri sana, akasema hakumbuki mwaka, ila ulikuwa mwezi wa Shaabani.