Jicho la mkizi halina ugonjwa

"Huyu mkizi jicho lake lina ukungu, si ameshaharibika?" Karibu kila ninaposimama mbele ya meza ya samaki naulizwa hivyo, tena na watu wanaojua kununua samaki. Wengine husema ana mtoto wa jicho, eti kwa kukaa kwenye maji machafu ya mikokoni. Kisha bei inashushwa, na mkizi aliyevuliwa alfajiri ile ile anauzwa kwa bei ya samaki wa jana.

Hana ugonjwa wowote. Kilichopo machoni mwake ni utando wa mafuta, na ni mojawapo ya alama kuu za Mugil cephalus, mkizi mkubwa wa mistari ambaye Linnaeus alimpa jina hilo mwaka 1758. Mtazameni kwa karibu. Utando umetanda kutoka mbele na nyuma ya jicho, mnene na unaoteleza ukiguswa, ukaacha upenyo mwembamba uliosimama wima, na ndani ya upenyo huo mboni inaonekana nyeusi, safi. Ni ugonjwa gani unaokata upenyo sawasawa namna hiyo, macho yote mawili, kwa kila samaki wa aina moja katika tenga zima? Vibua nao wana utando wa mafuta. Mwatiko jicho lake limefunikwa lote, na sijasikia mtu akimkataa kwa sababu hiyo. Tena utando wa mkizi huongezeka kadiri anavyokua, kwa hiyo anayeukimbia anawakimbia wale wakubwa wenye nyama.

Nimewaona wauzaji wakiukwangua kwa kisu ili kumridhisha mteja. Acheni! Mnachubua jicho zima na kumharibia sura samaki asiye na kasoro. Mnunuzi anayetaka kujua ubichi afunue mashavu aone wekundu wake, anuse, kisha abonyeze mgongo. Nyama ya samaki mbichi huinuka mara moja.

Kumtambua sasa. Mistari peke yake haitoshi, na hata utando hautoshi, maana mikizi hufanana sana. Mugil cephalus ana kichwa kipana kilicho bapa juu, na mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, la kwanza likiwa na miiba 4. Hesabu pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja: aliyekomaa ana miiba 3 na nyuzi laini 8, ilhali mikizi wengi wengine wa pwani yetu wana nyuzi 9. Mwenye mapezi meusi ya ubavuni na mkia wa manjano uliokatika wima ni Ellochelon vaigiensis. Mwenye vinundu vingi kwenye mdomo wa juu ni Crenimugil crenilabis. Ukiona sharubu mbili kidevuni, huyo ni mkundaji, si mkizi kabisa. Na mwatiko ana pezi moja tu mgongoni, na mkia wake umegawanyika sana.

Bado una shaka? Mpige picha ubavu mzima, pezi la chini likiwa limetandazwa kwa kidole, na rula kando yake, umpelekee ofisa uvuvi aliye karibu nawe. Picha ya kichwa peke yake haitamsaidia.