Mlio Usiozimika: Hevi Metali na Gharama Yake kwa Masikio

Hevi metali ni tawi la muziki wa roki lililochipuka Uingereza kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, hasa katika mji wa viwanda wa Birmingham lilikoundwa kundi la Black Sabbath, na tangu mwanzo limetambulikana kwa magitaa ya umeme yenye mngurumo wa kukwaruza, dramu zinazopigwa kwa nguvu, na besi ambayo msikilizaji huihisi kifuani. Ukubwa wa sauti hiyo ulikuwa na sababu ya kiufundi, kwa maana amplifaya za wakati ule, yaani mitambo ya kukuza sauti ya gitaa, zilitoa mkwaruzo mzito uliopendwa zilipofunguliwa karibu na mwisho wa uwezo wake, hivyo mpiga gitaa aliyeitaka rangi ile ya sauti alilazimika kuupokea na ukubwa wake. Leo vifaa vya kielektroniki huweza kuleta mkwaruzo wa namna hiyo hata kwa sauti ya chini, lakini desturi ya kupaaza imebaki, na kwa muda mrefu imehesabiwa kuwa fahari.

Fahari hiyo iliwahi hata kuandikwa vitabuni. Mwaka 1976 kundi la roki la The Who lilipimwa katika uwanja wa Charlton, London, likafikia desibeli 126 kwa umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikalitambua kuwa kundi lenye sauti kubwa kuliko yote. Baadaye Manowar, kundi la hevi metali la Marekani, likaidai sifa hiyohiyo. Hatimaye wachapishaji wa kitabu hicho waliacha kutambua rekodi za aina hiyo, kwa kuwa hawakutaka kuwahimiza watu kushindana katika jambo linaloharibu masikio.

Ili kuielewa hatari hiyo, ni lazima kwanza kuelewa maana ya desibeli, ambayo ni kipimo cha nguvu ya sauti kisichopanda kama vipimo vya kawaida vya urefu au uzito. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati inayolifikia sikio huwa maradufu, na zinapoongezeka 10 huwa mara kumi. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu na desibeli 60. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani hupendekeza kuwa mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba muda huo upunguzwe kwa nusu kila zinapoongezeka desibeli 3, jambo linalomaanisha kuwa katika desibeli 100 muda salama ni dakika 15 tu. Kwa kuwa onyesho la hevi metali mara nyingi huvuka kiwango hicho na huendelea kwa saa moja na nusu au zaidi, shabiki aliyesimama karibu na spika humaliza kipimo chake cha siku nzima kabla ya wimbo wa nne kwisha.

Madhara yenyewe hutokea ndani kabisa ya sikio. Sauti hutikisa kiwambo cha sikio, mtikisiko huo ukapitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi kwenye mfereji uliojaa majimaji na kujiviringa mithili ya kombe la konokono, unaoitwa koklea, ambamo mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva ziendazo kwenye ubongo. Sauti kubwa mno huvikunja vinyweleo hivyo na kuzichosha seli. Zikipumzishwa mapema baadhi hupona, na ndiyo sababu masikio yaliyoziba baada ya tamasha huweza kuzibuka kesho yake, lakini zikirudiwa kupigwa hufa, na kwa binadamu seli iliyokufa haioti tena. Zinazotangulia kuharibika ni zile zinazopokea sauti nyembamba, hasa katika eneo la hezi 4,000, yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde, mahali ambapo konsonanti nyingi hutofautishwa. Mwathirika husikia kuwa watu wanazungumza, ila hushindwa kutenganisha "thamani" na "samani", na mara nyingi huwalaumu wenzake kwamba wananong'ona.

Pamoja na upungufu huo huja tatizo jingine ambalo madaktari huliita tinitasi, jina lililotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulia kama kengele. Tinitasi ni mlio, mvumo au mluzi anaousikia mtu ingawa hakuna chanzo chochote cha sauti nje yake. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba ubongo, unapokosa ishara ulizozoea kutoka kwenye sikio lililojeruhiwa, huongeza usikivu wake wenyewe ili kuziba pengo, na matokeo yake husikika kama sauti. Mlio huo huwa mkali zaidi penye utulivu, kwa hiyo usiku, ambao ni wakati wa mapumziko kwa wengine, huwa wakati wa taabu kwa mgonjwa. Haijapatikana dawa ya kuufuta. Kinachowezekana ni kumsaidia mtu kuishi nao kwa ushauri wa kisaikolojia, kwa vifaa vya kusaidia kusikia, au kwa sauti nyororo za kuufunika.

Wanamuziki ndio wanaoathirika mapema, na miongoni mwao mpiga dramu yumo hatarini zaidi, kwa sababu matoazi yapo karibu kabisa na kichwa chake na hayana kitufe cha kupunguza sauti. Mpiga gitaa naye hupandisha amplifaya ili ajisikie juu ya dramu, mwimbaji akadai spika zaidi, na jukwaa zima likawa mashindano yasiyo na mshindi. Lars Ulrich, mpiga dramu wa Metallica, amesimulia hadharani jinsi alivyoamka akaenda kuzima televisheni, akakuta imekwisha kuzimwa, kumbe mlio ulikuwa masikioni mwake. Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, kundi la roki nzito, alilazimika kuiacha ziara mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kuwa angeweza kupoteza kabisa uwezo wa kusikia.

Inatia uchungu kuwa madhara haya yote yangeweza kuzuiwa kwa gharama ndogo. Vizibo vya sponji vikiviringishwa na kuingizwa vizuri huikata sauti kwa kiasi kikubwa, ingawa hufifisha zaidi sauti nyembamba, na kwa hiyo wanamuziki wengi hupendelea vizibo vyenye chujio, vinavyopunguza sauti zote kwa uwiano unaokaribiana. Kizibo kinachopunguza desibeli 15 huigeuza kelele ya 105, ambayo muda wake salama hauzidi dakika 5, kuwa ya 90, ambayo huweza kuvumiliwa kwa saa mbili na nusu. Pamba au karatasi laini haziwezi kufanya kazi hiyo. Mtu anayepoteza usikivu ghafla, hata kama ni wa sikio moja, hana budi kumwona daktari upesi bila kusubiri, kwa sababu matibabu huwa na manufaa zaidi katika siku za mwanzo.

Hata hivyo, mzigo huu hautakiwi kubebwa na shabiki peke yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kumbi na matamasha, unaotaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15, sauti ipimwe muda wote, vizibo vipatikane, na pawepo mahali tulivu pa kupumzishia masikio. Ufaransa nayo ilikwisha kuweka kisheria kikomo cha desibeli 102 tangu mwaka 2017. Nairobi, iliyozaa makundi ya metali kama Last Year's Tragedy na Duma, inauhitaji mwongozo huo sawasawa na London, kwa kuwa sikio halitofautishi mji na mji wala aina moja ya muziki na nyingine. Fundi mitambo anayeteremsha sauti kidogo haupunguzii muziki heshima yake, wala shabiki anayeziba masikio hajausaliti. Anayeupenda muziki huu na ayalinde masikio yake tangu leo, maana hayo ndiyo pekee atakayokuwa nayo ya kuusikilizia uzeeni.