Viungo Vinapouma: Nasaha kwa Wanaoanza Judo Kule Nyeri



Ndugu wasomaji, miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa kina mama wa pwani, liko moja linalorudi kila vijana wetu wanapopanda bara. Mtoto amekwenda kusoma Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, au Chuo Kikuu cha Karatina, au ameingia mafunzo ya polisi Kiganjo. Huko amejiunga na wenzake katika mieleka ya Kijapani iitwayo judo. Baada ya majuma machache anapiga simu: magoti yanauma, vidole havikunjiki asubuhi, bega halimpi usingizi. Mama humjibu kwamba ameshikwa na baridi yabisi. Baba humwamuru aache upuuzi huo. Simu ya pili mtoto hasemi tena habari ya maumivu, bali huendelea na mazoezi akiyaficha. Hapo ndipo penye hatari, na ndilo lililotufanya tuandike.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Judo iliasisiwa mjini Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Kano Jigoro, aliyezipunguza mbinu kali za kale na kuzifanya elimu ya kulea mwili na tabia. Iliingia katika Olimpiki mwaka 1964 kwa wanaume, na mwaka 1992 wanawake nao wakaanza kushindania medali zake. Hapa Kenya imelelewa sana na timu za Polisi na Magereza. Wala mieleka si jambo geni kwetu. Wasomaji wa sira wanakumbuka vijana Samura bin Jundub na Rafii bin Khadij walivyopambanishwa kabla ya vita vya Uhud, ili ijulikane kama Samura anaweza kuandamana na jeshi.

Sasa tulijie lile neno la kina mama. Jina baridi yabisi limetokana na tiba ya wahenga, waliyoyagawa maumbile katika joto na baridi, ubichi na ukavu. Nyeri iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na mwezi wa Julai ukungu huweza kukaa kutwa nzima. Mtoto aliyezoea joto la Kisauni lazima aone tofauti. Hata hivyo, baridi peke yake haileti ugonjwa wa viungo. Inachofanya ni kuukaza mwili, na kiungo kilichokaza kikitwishwa mzigo kwa ghafla huuma upesi.

Sababu kubwa ni mzigo wenyewe. Nyama za mwili zina damu nyingi, kwa hiyo hupata nguvu baada ya majuma machache ya mazoezi. Kano zinazofunga mifupa zina damu chache, nazo huhitaji miezi kukomaa. Gegedu, lile tabaka laini lililo kwenye ncha za mifupa, halina mishipa ya damu kabisa. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huzunguka kwa kutembeza kiungo taratibu. Ndiyo maana kijana hujiona ana nguvu kabla viungo vyake havijawa tayari. Akifuata nguvu hiyo mpya bila kiasi, vidole huvimba kwa kung'ang'ania kola ya mpinzani, magoti huuma kwa kupiga chini na kugeuka ghafla, na mabega huumia kwa kuanguka vibaya.

Basi anayeanza tunamuusia haya. Siku mbili kwa juma zinamtosha kwa miezi ya mwanzo, tena zisifuatane. Kule mlimani asikanyage mkeka kabla ya kujipasha joto robo saa nzima: atembee, akimbie polepole, azungushe mabega, nyonga na vifundo mpaka jasho lianze. Ajifunze kuanguka kabla ya kujifunza kuangusha: kidevu kiguse kifua, na mkono wote upige mkeka ubavuni. Anayeunyoosha mkono kujizuia huweza kuvunja kifundo cha mkono au kutegua bega. Asishike kola kwa nguvu zote muda wote, bali alegeze vidole kila apatapo nafasi. Na mpinzani akimkaza kiwiko, apige mkeka kwa kiganja mara mbili mara moja. Ishara hiyo ni ya kukubali kushindwa, na haina aibu yoyote. Anayechelewa kuipiga kwa ajili ya kiburi huweza kuuguza kiwiko chake miezi mingi.

Ni muhimu pia kuyapambanua maumivu. Uchovu wa nyama huja siku ya pili, huenea pande zote mbili, kisha hupungua baada ya siku mbili tatu. Huo ni wa kawaida. Maumivu yaliyo mahali pamoja ndani ya kiungo, yanayozidi kila baada ya mazoezi, yanataka mapumziko na mazungumzo na mwalimu. Ama kiungo kikivimba saa chache baada ya kuumia, goti likigoma kunyooka au likiteleza mtu anapotembea, mguu ukishindwa kubeba mwili, au vidole vikifa ganzi, mtoto aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kiungo kikiwa chekundu, cha moto, na homa juu yake.

Hapa tunazo desturi za kwetu za kuangalia upya. Mtu akiteguka tunakimbilia mafuta ya karafuu na mikono ya mchuaji. Kuchua kwa nguvu na kuweka joto katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha uvimbe, na kama pana ufa wa mfupa, huleta madhara makubwa. Bora kiungo kipumzishwe, kifungwe bandeji isiyobana sana, kiinuliwe juu ya mto, na kiwekewe barafu iliyofungwa kitambaani kwa muda wa dakika 15, mara kadhaa kwa siku. Na vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki visimezwe ili mtu apate kurudi mkekani. Vinanyamazisha maumivu huku jeraha likiendelea, na vikizoewa, hasa tumbo likiwa tupu, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Kwa mabinti zetu tunaongeza maneno. Magoti ya wanawake huumia kano zake za ndani mara nyingi zaidi kuliko ya wanaume katika michezo ya kugeuka na kuruka, basi wasiache mazoezi ya kuimarisha mapaja na nyonga. Mjamzito asicheze mchezo wa kuangushwa. Afanye mazoezi na wanawake wenzake, na mtandio wake uwe wa kitambaa kinachovutika, usio na pini, kwani pini humchoma yeye na mwenzake. Stara haikumzuia Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, ambaye mwaka 2012 mjini London, akiwa na umri wa miaka 16, alicheza judo ya Olimpiki kichwa chake kimefunikwa. Pambano lake lilidumu sekunde 82 naye akashindwa, lakini jina lake limebaki.

Ama ibada, goti lililoumia lisimfanye mtu aache sala wala asijitese. Imran bin Huswayn alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza asali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Mwenye bandeji amuulize mwalimu wake wa fiqhi namna ya kutawadha. Na tukumbuke tulivyofundishwa katika hadithi kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kwamba kila kiungo kina sadaka yake kila siku, na rakaa mbili za dhuha zinatosheleza. Kitu kinachodaiwa shukrani kila asubuhi si cha kuchezewa.

Enyi wazazi, mtoto akipiga simu na kusema goti linauma, msianze kwa kukataza. Muulizeni ni wapi hasa, limeanza lini, limevimba au la, na mwalimu wake amesema nini. Akijua atasikilizwa, atasema mapema, jeraha likiwa bado dogo. Na ikibidi kumwambia apumzike mwezi mzima, atalikubali neno hilo kwa urahisi zaidi, kwa kuwa limetoka kwa mtu aliyemsikiliza kwanza.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu afya ya viungo na akili, na awarudishe kwenu salama. Amin.